Ungo Ambao Haujashuka

Atilio alinipigia simu kuniambia kwamba dada yake bado anachora.

"Vumilia tulimzika," nikamwambia.

"Tulimzika, mtani. Wewe mwenyewe uliruka kaburini ukagoma kutoka mpaka ukapewa kuku. Lakini anachora. Mama amekaa mbele yake tangu tulipotoka makaburini, na tanga halijaanuliwa mpaka leo."

Nilikuwa jikoni kwangu Bombambili, Songea, nimeshika mwiko. Mimi ni Mngoni, na Mhehe akinitania kwa habari za kifo huwa najua pa kucheka. Ndiyo kazi tuliyorithi tangu mababu zetu walipochoka kuuana wakaona afadhali watukanane. Ila sauti ya Atilio haikuwa na utani hata chembe, na mimi nikaanza kusikia baridi mgongoni kabla sijaifikia Iringa.

"Njoo umalize kazi yako," akasema. "Wewe ndiye mtani wake."

Nikazima jiko, ugali haujaiva, nikafungasha.

*

Ungo ni programu ya bure. Kabla haujaja, sisi tunaochora picha za vitabu huku mikoani tulihangaika na vikompyuta vinavyopata moto kama pasi ukifungua picha moja kubwa. Wachapishaji wa Dar walitaka kurasa nzito, zenye mwanga na vivuli vya kweli, na kompyuta ya kuzimudu kurasa hizo ingemfanya mtu auze shamba. Ungo ukaja ukasema: kaa hapo hapo na tableti yako ya mtumba, shika kalamu yako. Kompyuta yenyewe iko mbali, kwenye jumba la baridi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona, na utaitumia kana kwamba iko mezani kwako.

Jina lake rasmi lilikuwa refu na la kuchosha. Sisi ndio tuliouita Ungo, maana mtu kukaa Iringa huku mkono wake unafanya kazi nchi nyingine ndani ya kufumba na kufumbua, kwetu kuna watu maalumu wanaosifika kwa usafiri huo. Wenye programu wakalipenda jina, wakalichukua bila hata asante. Kuingia kazini tukakuita kupanda, kumaliza tukakuita kushuka, na mtandao ukikatika tukasema ungo umedondoka.

Umbali una adabu zake mbaya. Mstari unaochorwa mbali hukawia kurudi, ukivuta kalamu wino unakufuata nyuma kama mtoto anayeburutwa kwenda shule. Ungo uliitibu shida hiyo kwa kujifunza mkono wa mtu. Ulitazama unavyokandamiza, unavyokata kona, unavyositasita kabla ya kuchora jicho. Kamera ndogo ya tableti nayo ilitazama macho yako, kwa sababu jicho hutangulia mkono. Ukishakuzoea, uliuchora mstari wako kabla hujaufikia. Mtandao ukikatika, uliendelea kwa niaba yako na kujaza pengo mpaka urudi.

Tuliona raha isiyo kifani. Hakukuwa na neno la siri la kusahau, maana ufunguo ulikuwa mkono wenyewe: unapanda kwa mstari wako, unashuka kwa sahihi yako. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu asiposhuka. Cha bure hakiulizwi maswali, na sisi wachoraji kwa vya bure hatujambo.

Vumilia Kihwele hakushuka. Siku aliyozidiwa na homa ya mapafu aliitua kalamu kwenye kikombe, akamwambia mama yake kwamba anarudi sasa hivi, akapelekwa hospitali. Kwa Ungo lile lilikuwa pengo kama mapengo mengine.

*

Nilifika Kihesa, mtaa wao pale Iringa, mchana, lakini ukungu ulikuwa umekalia mji mzima kama hauna kwao. Turubai la msiba lilikuwa bado limefungwa uani, limelegea upande mmoja. Wanawake wachache walikuwa wameketi kwenye mikeka, khanga viunoni, wamechoka hata kusengenya. Msiba usiokwisha ni kitu kibaya. Watu waliishiwa maneno ya pole zamani, wakaishiwa nyimbo, sasa walikuwa wanakaa tu, kwa sababu hakuna mtu mwenye ujasiri wa kuinuka kabla ya mfiwa.

Mama Vumilia alikuwa ndani, chini, ameegemea ukuta. Mbele yake tableti ya Vumilia ilikuwa imesimamishwa kwa kuegeshwa kwenye kopo la sukari, waya wa chaji umepita juu ya mkeka. Alikuwa amekonda. Miguu tu ndiyo iliyokuwa minene, imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Kamwene, mama," nikasema.

"Kamwene, mateka wetu." Ni jina la utani la vita vya zamani, ila hakugeuza uso. "Kaa hapa. Usimzibie mwanga."

Nikatazama nisimzibie nani mwanga. Kalamu ilikuwa kikombeni, imetulia, imeanza kushika vumbi. Kwenye kioo mstari ulikuwa unatembea. Ulipanda taratibu, ukasita, ukakata kona, ukawa ukingo wa sufuria. Ukarudi chini ukaanza kidole cha mtu aliyeishika ile sufuria. Ulikuwa ule msito wa Vumilia, nusu pumzi kabla ya kuunganisha mstari na mwenzake, ambao nimeutazama miaka yote niliyomjua.

"Tangu asubuhi yuko jikoni," mama akasema kwa sauti ya mtu anayeelezea habari za mgeni aliyelala chumba cha pili. "Atamaliza sufuria ndipo aje kwangu. Kila siku anamalizia kwangu."

"Mama umekula?"

"Nitakula akipumzika."

"Anapumzika saa ngapi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza, akatabasamu kidogo. "Wangoni mna maswali," akasema.

*

Atilio alinisubiri nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuni. Ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na siku zote hunitania kwa kuniuliza nitarudi lini utumwani. Safari hii hakuniuliza.

"Kwanza alimaliza kitabu," akasema. "Kile cha mchapishaji, cha binti mfuga nyuki. Kurasa zote zilizobaki ulizimaliza Ungo, zikaenda zenyewe Dar, wakasifu. Mimi nikasema sawa, kazi ya marehemu imekamilika, itajizima. Haikujizima. Ikaanza kumchora mama."

"Kwa sababu ndiye aliyekaa mbele ya kamera," nikamwambia. "Inatafuta macho ya mchoraji, inayakuta ya mama."

"Sijui inatafuta nini. Mimi nakuambia ninachokiona." Alitoa simu yake akanionyesha picha alizokuwa akizipiga kila jioni. Mama ameketi. Mama ameketi, na pembeni yake mkeka mtupu. Mama ameinama kuelekea mkeka. Mama ameweka kiganja juu ya mkeka, kama anayeupima. "Hii ni ya jana."

Katika picha ya jana mama alikuwa amelala juu ya ule mkeka, chali, amefunikwa mpaka kidevuni. Wanawake walikuwa wanaingia na masufuria.

"Ameacha vidonge vya presha," Atilio akasema. "Anasema mwanawe anamtandikia, si adabu mtu kutandikiwa asilale. Amemwita padre, ameshamwambia nyimbo anazozitaka. Daktari amekuja, amesema moyo umechoka, bila dawa hamalizi mwezi. Nimemwambia nitaizima tableti, akaniambia, 'Zima, uje uzike wawili kwa turubai moja, utapunguza gharama.' Mama yangu, mtani. Anaongea hivyo akiwa ametulia kabisa."

Nilisikia maneno yake kwa mbali, kwa sababu nilikuwa nimeikuza ile picha. Kwenye kona ya chini, nyuma ya masufuria, palikuwa na mwanamke mdogo mwenye mdomo mpana kama mlango wa gulio, ameng'ang'ania paja la kuku. Nilimjua. Mwanamke yule ni mimi, na aliyemchora wa kwanza ni mimi.

*

Inabidi nieleze, na sielezi kwa kuomba radhi, kwa sababu hapakuwa na kosa.

Ungo ulikuwa unatoa nafasi moja kwa kila mkono, na nilipoomba yangu nikaambiwa nisubiri. Mimi si mtu wa kusubiri. Mtani haombi, anachukua, hiyo ni sheria ya zamani kuliko kompyuta. Nikachukua nafasi ya Vumilia. Nilikaa Songea nikajifunza kuchora kama yeye mpaka Ungo ukanipokea, na mara ya kwanza nilipopanda nilimkuta yuko kazini, nikamchorea mkia kwenye ukurasa wake. Alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo tukawa wawili ndani ya mkono mmoja. Yeye akichora vitabu vyake, mimi vyangu, na katikati tukitukanana kwa picha. Yeye alinichora nikifungwa kamba na askari wa Kihehe. Mimi nilimchora yeye na ukoo wake wote.

Na nilichora maziko ya mama yake. Watani ndivyo tulivyo: ukitutembelea tunakuuliza utakufa lini, tumepungukiwa na nyama. Nilimchora Mama Vumilia amelala juu ya mkeka, na Wangoni wa Songea nzima wameingia na masufuria yao, mimi mbele yao na paja la kuku. Vumilia alimwonyesha. Nasikia mama alicheka mpaka akaomba maji, akaagiza nimwongezee na mbuzi.

Mwanadamu aliye hai anajua kuwa huo ni upendo. Ungo haukuwa na babu aliyepigana na mtu. Uliona tu mkono uliochora bibi aliyeketi, halafu mkono huohuo uliochora bibi huyohuyo amelala, ukajifunza kwamba mstari wa kwanza unaelekea kwenye wa pili. Kisha pengo likafunguka, nao ukaanza kulijaza, kidogo kidogo, kwa utiifu.

*

Niliwaandikia wenye Ungo kupitia simu yangu, nimekaa juu ya gogo la Atilio. Jibu lilirudi haraka, la upole kupindukia. Walinipa pole kwa msiba. Waliheshimu faragha ya kila mkono. Hawana uwezo wa kuishusha safari ya mtu. Safari hushushwa na mkono ulioipandisha. Ikiwa mwenye mkono amefariki, mkono utaje hivyo wakati wa kushuka, nao utafungwa milele, usije ukatumiwa na wezi.

Niliisoma mara mbili nione kama aliyeandika ni mtu. Mkono utaje kwamba mwenyewe amefariki.

"Maana yake nini?" Atilio akauliza.

"Maana yake hakuna duniani anayeweza kuushusha isipokuwa mimi."

"Basi ushushe."

"Nikiushusha, naufunga mkono wa Vumilia. Na mkono wa Vumilia ndio unaonilisha."

Hakuelewa mara moja, nami nilikuwa na hasira ya kulazimika kulitamka. Kuna mkono mmoja tu. Ungo haunitambui mimi, Longina Mhagama, haujawahi kuniona. Nikiufunga mkono ule, basi kifaa chochote nitakachoshika, popote, nikivuta mstari tu, utajulikana kuwa mstari wa marehemu. Na siku hizi hakuna mchapishaji anayepokea kazi ya mikoani isiyopita kwenye Ungo.

"Si utachora kwa mkono wako mwingine?" akasema Atilio. "Ule wa zamani."

Ni swali la haki. Niliokota kipande cha chaki yake ya kupimia mbao, nikatafuta ubao uliolainishwa, nikajaribu kuchora mtu kama nilivyokuwa nachora kabla sijamjua dada yake. Nilianza na kichwa. Nikasita nusu pumzi, nikaunganisha. Nikaja kwenye vidole. Vikatoka laini, vilivyojaa, vimelala pamoja kama maharage mabichi sokoni. Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya, nikasita palepale. Nilifuta tena. Atilio alikuwa anatazama, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa kule ndani mbele ya kalamu iliyolala. Yule msichana aliyekuwa anachora Songea kabla ya Vumilia sikumpata. Hakuwepo.

*

Nilirudi ndani. Sufuria ilikuwa imekamilika na mstari ulikuwa umehamia kwa mama. Leo mkeka ulikuwa katikati ya picha na shuka ilikuwa inachorwa kupita kidevu, inapanda kuelekea mdomo.

Nikaketi, nikasema bila kuzunguka. "Mama, hiyo siyo Vumilia. Ni mimi. Ni ule utani wangu wa maziko, umeingia kwenye mashine, mashine inadhani ndiyo kazi. Vumilia hakuiti. Hajui hata kama umekaa hapa."

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia vizuri.

"Najua ni wewe," akasema tena. "Mwanangu alikuwa anachora vidole virefu. Wewe ndiye unayechora maharage. Nilijua kabla wageni hawajamaliza kunawa mikono siku ya maziko."

"Sasa kwa nini, mama?"

Akatazama shuka ikipanda.

"Siku tunazika ulivaa sweta lake. Lile la kijani. Ukapita mbele ya jeneza unatembea kama yeye, bega moja juu, ukanigeukia ukaniambia, 'Mama, chai iko wapi, mbona nyumba hii haina chai?' Sauti ileile. Watu wakacheka. Mimi nilijua ni Mngoni mmoja mwenye njaa. Lakini kwa muda ule, mwanangu, nilikuwa na mtoto. Kisha ukalivua, ukalikunja, ukampa Atilio. Kwa nini ulilivua?"

"Mtani akilala na nguo ya marehemu, mama, si mtani tena. Ana jina lingine, na ni baya."

"Basi hii hapa haijavua," akasema, akaielekezea tableti kidevu. "Imekuwa na huruma kuliko wewe. Na inaponipeleka napaona. Sina ugomvi napo."

"Inakupeleka kwenye kichekesho! Nilikuchora pale ili ucheke!"

"Nilicheka. Nimeshacheka. Sasa nataka kulala."

Kule uani mtu alikohoa. Nilimtazama yule mama, miguu yake, mikono yake iliyokaa mapajani kama ya mtu aliyekwisha kufungasha. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia. Nilimkasirikia na Vumilia pia, kwa kutua kalamu kizembe namna ile. Nikawaza nyumba yangu, wachapishaji wangu, kodi ya chumba, umri wangu wa kuanza kuuza nyanya. Sikuwa mtakatifu pale kwenye mkeka. Nilitafuta kwa bidii sababu ya kumwachia mama mtu alichokitaka mwenyewe, na sababu zilikuwepo, tena nzuri. Mtu mzima akitaka kulala, wewe ni nani? Ungeweza kuondoka ukapanda basi la Songea ukiwa na heshima zako zote.

Shuka ilifika puani.

"Mama," nikasema, "naichukua kalamu."

Alinitazama. Angekuwa mtu mwingine, hata Atilio, angemfukuza. Lakini mtani hakatazwi. Mtani akichukua kuku wako bandani, huruhusiwi kukasirika, na mama yule alikuwa Mhehe aliyelelewa. Niliona hasira ikimpanda ikakosa pa kutokea. Hilo nililiona, na bado nikanyoosha mkono kikombeni.

"Longina," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. "Nimekuomba. Usinichukulie kwa utani."

*

Kalamu ilikuwa ya baridi. Nilipoisogeza karibu na kioo, mstari wa shuka ulisimama papo hapo, kama mtu aliyeitwa. Ungo ulinijua. Hakuna kitu kilichobadilika kwenye picha, ila niliona ile nukta ndogo ya wino ikitoka kwenye shuka na kuja taratibu chini ya ncha ya kalamu yangu, ikanisubiri.

Nilifungua sehemu ya kushukia. Ungo uliniuliza sababu: kupumzika, kubadili kifaa, kufariki. Mbili za kwanza zingeiacha safari isubiri macho ya mama yarudi mbele ya kamera; nikagusa ya tatu. Likaja onyo: mkono wa marehemu hautapanda tena, popote, kwa kifaa chochote. Kisha mahali pa sahihi, peupe.

Vumilia alikuwa anasaini kwa herufi moja, V, yenye mkia unaozunguka chini na kurudi kujifunga. Nimeighushi sahihi ile mara nyingi kuliko alivyoisaini mwenyewe. Niliinua kalamu. Pembeni yangu nilisikia pumzi ya mama, fupi fupi. Hakusema neno tena, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonishika mkono. Nikabaki hivyo, kalamu hewani. Nikawaza: nimwachie leo tu, nimfungie kesho. Nikawaza: akifa usiku huu je? Nikawaza kwamba nikifunga nitakuwa nimemzika Vumilia kwa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kunipa kuku.

Sahihi ikajiandika.

V ilitokea pale peupe, ukandamizaji uleule, msito uleule, kisha mkia ukazunguka chini ukarudi kujifunga. Ncha ya kalamu yangu ilikuwa juu ya kioo, haijagusa. Nilikuwa naona kivuli chake.

Najua maelezo yake, nimeyatoa hapo juu mwenyewe. Ungo huchora mstari kabla hujaufikia. Hutazama jicho, hupima mkono, hujua mtu aliyekwisha kuamua. Maelezo ni mazuri na yanatosha mtu yeyote. Tatizo ni kwamba Mungu ananiona, mimi nilikuwa sijaamua.

Picha ikafifia kuanzia kingoni. Wanawake wakaondoka na masufuria yao, kisha yule mwenye mdomo mpana, kisha shuka, kisha mama. Mkeka ulibaki peke yake kidogo, nao ukaondoka. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake tukajiona sisi wawili, mimi na yeye, vichwa vimekaribiana.

"Umefunga?" mama akauliza.

"Umefungwa, mama."

Akanyoosha mkono akakigusa kioo kwa vidole vyake vinene vya jembe. Akakipapasa kuanzia juu mpaka chini, kama anayetafuta tundu. Kisha alilia. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia siku ya maziko, ya mtu aliyeambiwa sasa hivi mlangoni kwamba mtoto wake amekufa. Wanawake wa uani walishtuka, wakaja mbio, wakampokea, wakaanza kulia naye upya, na Atilio alisimama mlangoni ameshika kofia.

Hakunitazama siku ile, wala asubuhi yake, tanga lilipoanuliwa na turubai likakunjwa. Alikunywa uji. Alimeza vidonge mbele ya Atilio, kimoja kimoja, bila kusema kitu. Nilipomuaga alinipa mkono kama anavyopewa mkono mgeni. Hakuniita mateka.

*

Songea nilifika nimechoka, nikaoga, nikajipikia chai. Tableti yangu ilikuwa mezani nilipoiacha, na ukurasa wa kitabu ukinidai tembo wawili na mto. Nilijiambia labda. Watu wa kompyuta husema mambo makubwa, vitu vyao huwa na mianya.

Nikashika kalamu, nikavuta mstari mmoja mfupi wa kupandia.

Ungo uliupokea. Ulikaa kidogo, kama mtu mwenye adabu anayetafuta maneno, kisha ukaandika: *Mwenye mkono huu amefariki. Pole sana. Wewe ni nani wa marehemu?*

Chini yake palikuwa na mahali pa kugusa. Mzazi. Mwenzi. Mtoto. Ndugu. Niliyasoma yote, nikarudia, nikitafuta mtani, na mtani hakuwemo. Niliweka kidole juu ya *ndugu*, nikakiondoa, maana ningekuwa nadanganya. Sisi watani msibani hatulii, tunachekesha wanaolia. Niliiweka kalamu chini, nikavuta mlango nikaufunga, nikaanza kumlilia Vumilia.